Siku Tatu za Damu ya Teodata

Maneno haya niliyasikia mashineni, pale tunapokoboa mpunga, na mashine ilikuwa inanguruma mpaka msemaji akalazimika kupiga kelele. "Kuna mtoto huku kwetu bondeni! Mbu akianza kumng'ata yeye, kisha akaja akakung'ata wewe, kidingapopo kikali hukipati tena mpaka kufa!"

"Sasa utakufa na nini, kama hukipati?" mmoja akamuuliza, watu wakacheka.

Na mimi nilicheka. Nikajitwika mchele wangu nikaondoka, pumba nikazisahau, kitu ambacho sikifanyi, maana pumba ndizo ninazofukizia mbu. Njiani nilijiambia mara kumi kwamba ni uongo wa mashineni. Lakini neno likakaa. Naosha vyombo, lipo. Napalilia, lipo. Wiki tatu nzima, na sikujua kwa nini linanisumbua, kwa sababu mtoto mwenyewe hakutajwa jina.

Jina lake Teodata. Wangu, na ni mmoja tu niliyejaliwa. Kijiji kizima cha Kitongwe kilikuwa kinajua isipokuwa mimi.

Mtu anaweza kuuliza, watu walijuaje na mama mzazi asijue? Najiuliza hivyo mpaka leo. Karani alikuwa anasema kila asubuhi, na mimi nilikuwa namsikia.

"Mbu kumi na wanne," alisema asubuhi moja, kwa ile sauti yake ya mwanamke mpole asiye na haraka. "Damu ya watu watatu wa nyumba hii. Damu ya mtu mmoja asiye wa nyumba hii."

Ludgeri, mume wangu, akashusha kikombe. "Huyo mmoja ni nani?"

"Muulize mbu. Yeye ndiye aliyetoka kutembea, siyo mimi."

Karani ni kopo jeupe la Mradi wa kuchunguza mbu, ukubwa wake kama taa ya karabai, na kila nyumba Kitongwe linaning'inia kwenye boriti. Linanuka miguu ya mtu aliyevua viatu sasa hivi. Mbu wanaipenda harufu hiyo, wanaingia, hawatoki. Humo ndani linapasua matumbo yao na kuisoma damu, ni ya nani na imebeba ugonjwa gani. Namba ya kila mtu imeandikwa kwa rangi kwenye mwimo wa mlango wake. Kwa miaka mitatu Karani ameshavunja ndoa mbili na kumkamata mwizi mmoja wa kuku, tukamzoea. Tulichokuwa hatujakizoea ni maneno aliyomalizia nayo siku hizo:

"Damu namba mia nne kumi na saba. Kirusi hakimo kwenye orodha."

Mia nne kumi na saba ni Teo. Ludgeri akalipiga kopo kofi kama anavyoipiga redio. Likasema tena vilevile. "Limeharibika," akasema, na wiki ile ile akaenda kwenye mashamba ya miwa, ambako hukaa msimu mzima.

Kumbe kwenye nyumba za jirani nako namba ilikuwa hiyo hiyo. Mbu hajui mpaka wa kiwanja. Watoto waliong'atwa walipata homa ya siku mbili wakapona, na masika ilipokuja na kidingapopo chenyewe, kile cha kutoka damu puani, wao hakikuwagusa. Watu wakajumlisha. Sisi tukalipiga kopo.

*

Mtaalamu wa Mradi alikuja siku ya Alhamisi, binti wa Kitanga, jina lake Zamoyoni, na begi la barafu mgongoni. Teo alikuwa uani anacheza rede na wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutengeneza kopo?"

Hakucheka. "Kopo ni zima, mama."

Nikamvutia kigoda. Alikaa akawatazama watoto, halafu akaniuliza swali la ajabu. "Teo huwa anashika ndege?"

Mtoto gani wa huku hashiki ndege? Mpunga ukishachanua tunahamia shambani, tunapanda dunguni, lile jukwaa la miti, tunaamia kwelea wasile mpunga kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama. Wengine wanaanguka wenyewe wamekufa, tunawanyonyoa, tunawakaanga. Nikamwambia, "Anawanyonyoa haraka kuliko mimi."

"Kirusi alichonacho ni cha ndege. Hakijawahi kuonekana ndani ya mtu. Ni ndugu wa kidingapopo, tuseme mtoto wa mama mdogo. Kwa hiyo aliyekipata kwa mbu, mwili wake ukikutana na kidingapopo unaona sura unaijua, unaipiga mapema."

"Basi ni kizuri."

"Wakati mwingine. Wakati mwingine mwili unaona sura inafanana na ya ndugu, unafungua mlango."

Nikamwambia arudie. Akarudia, nikaelewa kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Mama, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Mwalimu akiandika ubaoni, mkanakili watoto sitini, wote mnapata sawasawa?"

"Wapi! Wengine wanaandika miguu juu."

"Kirusi nacho kinajinakili hivyo, na kila nakala ina makosa yake. Kwa mtu wa kawaida mwili unafunga shule baada ya wiki moja. Kwa Teo shule haijafungwa. Huu ni mwezi wa nane tangu kiingie. Tumekuta aina arobaini na moja humo ndani."

"Mbaya ni zipi?"

"Hatujajua."

"Na mbu akimng'ata anazibeba zote?"

"Anabeba konzi tu. Ni kama kuchota konzi kwenye gunia ambalo halijapetwa. Unaweza kutoa mchele mtupu, unaweza kutoa mawe."

Akafungua begi, akatoa vidonge vya siku saba vilivyofungwa kwenye karatasi ya bati. Alisema vinafuta aina zote. Kisha, kabla sijavipokea, akasema wakubwa wake wanaomba nisubiri, wazisome kwanza, kwa kuwa huenda ndani ya mwanangu mna chanjo ya bonde zima.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema alale ndani ya chandarua mchana, maana mbu huyu anauma mchana. Hayo mengine, mama, sitakudanganya. Asubuhi nasema hivi, jioni nasema vile."

Akaniachia vidonge. Vidonge nikaviweka juu ya kabati. Uani Teo aliruka mpira ukampita, akacheka kwa sauti. Hana homa. Hakohoi. Anakula kuliko baba yake. Sasa dawa unampaje mtoto anayecheza rede?

*

Huku kwetu mtoto mmoja akipata tetekuwanga, mama wenzako wanakuletea wa kwao, mnawalaza kitanda kimoja, waumwe wote kwa mpigo, yaishe. Mimi nililazwa hivyo. Teo nilimpeleka mwenyewe kwa Mama Bonifasi, akarudi na vipele vyake, nikashukuru. Hakuna aliyewahi kutuambia ni kosa, na kwa tetekuwanga sijui kama ni kosa.

Kwa hiyo nilipomwona Mama Bonifasi anakuja kwenye tuta la shamba saa sita mchana, kidumu cha togwa mkono mmoja na Severini mkono wa pili, nilishajua.

"Hodi dunguni! Nimekuletea togwa na mume wako. Kajikojolea kidogo njiani lakini ana adabu."

"Mume gani hana hata viatu?"

"Viatu utamnunulia wewe, si umeshapendwa?"

Severini alikuwa na miaka minne. Alipanda ngazi ya dungu mwenyewe, akaingia kumtafuta Teo. Kaka yake, Bonifasi, ndiye aliyekufa mwaka juzi kwa kidingapopo, damu ikimtoka puani mpaka kanga tatu zikalowa. Mtoto ameondoka, jina la mama limebaki, na sisi tunamwita nalo kila siku.

Tukanywa togwa. Kwelea wakaja, tukapiga debe, wakaenda shamba la jirani. Ndipo akasema.

"Nataka alale na Teo. Mchana mmoja tu."

"Yule binti wa Mradi amekataza."

"Ana mtoto?"

"Hana."

"Haya."

"Mama Bonifasi, sikiliza. Ziko aina arobaini na moja. Kasema ni kama mawe kwenye mchele, hujui utakachochota."

"Mwenzangu, mimi jiwe nimeshalimeza." Hakuinua sauti. "Wa akina Desderia wamepata homa ya Teo, wako salama. Wa mwalimu wamepata. Hata shuleni watoto wanaambizana, 'Mimi nina teo, wewe huna.' Wangu tu ndiye hana. Unataka nisubiri masika?"

Niliona aibu kusikia jina la mwanangu limekuwa jina la homa. Nikataka kukataa. Nikakumbuka pia kwamba nilipojifungua Teo nikawa siwezi kusimama, aliyenifulia siku arobaini ni huyu. Sikusema ndiyo. Nilinyanyua chandarua tu, nikakiacha wazi, nikageuka nikapiga debe.

Walilala mpaka saa tisa, mguu wa Severini juu ya tumbo la Teo. Nilimwona mbu mmoja, yule mwenye madoa meupe miguuni, ametua kwenye goti la Teo, tumbo lake linakuwa jekundu. Akainuka kwa uzito. Akaenda kwenye sikio la Severini.

Mkono wangu ulikuwa karibu. Sikumpiga.

*

Siku ya sita Severini akashikwa na homa. Mama Bonifasi alipita kwangu anatabasamu. "Imeshika," akasema. Siku ya nane homa ilikuwa haijashuka. Siku ya tisa fizi zikaanza kutoka damu, tukambeba mbio zahanati, na Zamoyoni akaja na mashine yake ndogo ya kusomea. Aliniita nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji.

"Kirusi chake kinafanana na aina moja ya Teo, ya ishirini na tisa. Tofauti ni herufi tatu tu kwenye nakala."

"Kwa hiyo ni Teo."

"Au wote walikipata kwa ndege mmoja. Au Severini alikuwa nacho zamani akampa Teo, kikageuka huko. Herufi tatu hazisemi nani alianza."

"Mwanangu, sema kitu kimoja!"

"Kitu kimoja sina, mama. Ninavyo viwili, na vinagombana."

Akaniambia, nami naviandika kama alivyovisema. Severini hana siku saba za kungoja vidonge. Lakini damu ya Teo imekaa na kirusi hiki miezi minane, imewafundisha askari wake kuipiga kila aina. Akimtoa Teo yale maji ya njano ya damu, siku tatu mfululizo, na kumwekea Severini, anaamini Severini atapona. Hicho cha kwanza. Cha pili, Teo akianza vidonge, dawa inaingia kwenye damu na haifai tena kupewa mgonjwa.

"Basi Teo ataanza baada ya siku tatu. Ugomvi uko wapi?"

"Aina ya ishirini na tisa, wiki iliyopita, kwa Teo ilikuwa mbili katika kila mia. Leo ni thelathini na tano."

"Maana yake?"

"Inakua haraka. Ikijaa, Teo anaweza kuwa kama Severini. Anaweza pia asiwe, maana mwili wake umezoeana nayo." Akafuta macho kwa kiwiko. "Usiniulize ningefanyaje. Mwenzio huko ndani ameshaniuliza kama nina mtoto."

Nikampigia Ludgeri. Kulikuwa na kelele za matrekta.

"Mpe vidonge," akasema hata sijamaliza. Kisha, "Ngoja. Severini si yule aliyeondoka na kofia yangu, nikamfukuza mpaka kisimani?"

"Huyo huyo."

Matrekta yakaunguruma. "Fanya unavyoona. Wewe ndiye uliyepo hapo."

"Sasa hapo umenisaidia nini?"

"Nimekujibu," akasema. Simu ikakatika, au aliikata.

Zamoyoni akanipa fomu, nikatia sahihi. Siku tatu, fomu ilisema. Mama Bonifasi hakuwepo pale, alikuwa ndani ameshika beseni. Nilipomwambia Teo atatoa damu, alipiga magoti palepale, mtu anayenizidi umri, nikamwinua. Sikumwambia ni siku ngapi. Siku hiyo sikuwa nimeficha, kusema kulinipita tu.

Teo alinyoosha mkono bila kulia. "Mama, Severini akishapewa, Karani atamwita nani?"

"Severini."

"Ana uhakika?"

Alasiri ile ile fizi zikakauka. Severini akafumbua macho akaomba uji, zahanati nzima ikashangilia. Nilirudi nyumbani na Teo nimemshika mkono, nikawa najiona mtu mwema.

Asubuhi ya pili nikagusa paji la uso wake. Nilikuta moto. Au ni mkono wangu uliotoka kukoroga uji. Nikamgusa tena, nikamgusa shingo, nikajigusa mwenyewe. Nikamwekea kipimo kwapani: thelathini na sita na nusu. Hiyo siyo homa, najua siyo homa, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini nilikuwa naiona ile namba ikipanda, mbili, thelathini na tano, na Teo amekaa kwenye mkeka anasuka nywele za mdoli, fizi zake hazina damu, na nikawa nazitazama hizo fizi.

Nikapanda kwenye kigoda. Nikashusha vidonge. Akameza vitatu vya asubuhi na uji.

Zamoyoni alipofika na sindano nilimwambia, "Ameshameza. Alikuwa na homa."

Alikitazama kipimo pale kwenye mkeka, bado kinaonyesha thelathini na sita na nusu. Akanitazama. Akafunga begi lake taratibu, zipu ikakwama, akaivuta mpaka ikaziba, akaondoka bila kuaga.

*

Severini hakufa. Nianze na hilo. Alikaa zahanati siku kumi na saba, homa ikapanda na kushuka. Alitoka anatembea, anacheka, anakula, na hasikii. Ukivunja chungu nyuma yake hageuki.

Teo alimaliza vidonge. Karani sasa anasoma namba yake na kunyamaza. Aina kumi na tisa watu wa Mradi walikuwa wameshazisoma, ishirini na mbili zilifutika hazijasomwa, na kama chanjo ilikuwa kwenye hizo, hakuna atakayejua. Masika iliyofuata tulizika watoto wawili wa kidingapopo. Mashineni wananipisha nikoboe kwanza, na hakuna anayenitania.

Nilimfuata Zamoyoni kumuuliza. Kama ningempa siku zote tatu, Severini angesikia?

"Huenda masikio yalishaharibika kabla ya siku ya kwanza."

"Na kama hayakuwa yameharibika?"

"Basi huenda angesikia."

"Na Teo? Angeumwa?"

"Mama, ninyi wawili ndio pekee mliowahi kupatwa na jambo hili. Sina wa kumlinganisha naye." Nadhani alimaanisha watoto wawili. Mimi nilisikia mama wawili.

Mama Bonifasi bado ananiletea togwa. Anawaambia watu, "Huyu alimtoa mwanawe damu kwa ajili ya wangu," na kila akisema mimi natazama chini, wanadhani ni unyenyekevu. Yeye anajua siku moja. Anaamini dawa ilikuwa ya siku moja, ikafanya kilichowezekana.

Zilikuwa tatu. Mama Bonifasi, zilikuwa tatu, na fomu ina sahihi yangu. Nimejaribu kukuambia dunguni, nimejaribu kisimani, nimejaribu siku ile Severini alipokuja nyuma yako akakushika kanga na wewe ukamwita kwa mkazo kana kwamba atasikia. Mdomo umekataa. Wewe unasoma kunizidi, ulifika kidato cha pili. Karatasi hii naibandika zahanati, mlangoni, ambapo kila mwenye mtoto anapita. Ukifika hapa nitakuwa nyumbani. Sitatoka.

Na kwa mama wengine wote wa bondeni, ya kuepuka ni haya:

Msiwape watoto kunyonyoa ndege waliookotwa wamekufa.

Msiwalaze watoto mchana bila chandarua, hasa dunguni.

Msimlaze mzima na mgonjwa ili wamalize pamoja, hata kama homa ya mwenzake ilikuwa ndogo. Ya wako inaweza isiwe ndogo.

Karani akisema kitu msichokijua, msidhani ni mbovu. Andikeni alichosema, mwende mkaulize siku hiyo hiyo.

Msiupe ugonjwa jina la mtoto wa mtu.

Dawa mkiambiwa inafuta, msingoje mpaka mwone homa ndipo muamue.

Mkiulizwa na mwenzenu jambo la mtoto wake, msinyamaze. Semeni ndiyo au semeni hapana.

Msitie sahihi siku msizoweza kuzitoa.

Na pakiwa na watoto wawili na dawa ya mmoja, mama mmoja asiamue peke yake. Mwiteni na wa pili, hata kama atalia, hata kama atawatukana. Mwiteni.